Msabato wa Makwasinyi

Jamani, nimechoka, na leo ndiyo nimechoka kabisa.

Rekodi zinasema baba yake babu yangu alikuwa Myahudi, mwenye duka kule Makwasinyi. Mwaka mzima nazunguka nikimuulizia. Kila mzee ananijibu, "Myahudi? Hapa hatujawahi kuwa na Myahudi."

Leo nikaenda kwa shangazi yangu, dada wa baba. Nikamkuta anapepeta pojo. Naye akakataa kwamba kulikuwa na Myahudi.

Basi nikaomba chai. Ningefanya nini tena?

Nikiwa nakunywa akasema, "Ama unamtafuta yule mzungu Msabato?"

Msabato gani, shangazi?

"Si babu yetu! Ijumaa jua likizama, duka linafungwa. Nguruwe hali. Sasa huyo ni nani kama si Msabato?"

Nikaweka kikombe chini.

"Alipokufa, watoto wake wakatafuta kanisa linaloshika Jumamosi, wakaingia. Walitaka dini ya baba yao."

Nicheke ama nilie? Niambieni nyinyi.

Kesho ni zamu yangu kufungua kanisa letu la Sabato hapa Voi. Mwaka mzima namtafuta huyu mzee, na kila Jumamosi nilikuwa nikiishika siku yake.