Mama wa Karasha kwa Kiingereza

Kazi ya kutafsiri inataka makalio mazito, na yangu Mungu aliyaumba mepesi. Nikisikiliza dakika tatu nasimama, nafungua mlango, naangalia vumbi la Kahama, narudi, napiga tena dakika zile zile.

Mradi mmoja wa mtandaoni ulirekodi wafanyabiashara wa huku wakitoa mihadhara kuhusu biashara zao. Mimi niliandika Kiingereza cha chini ya picha, ili watu wa nchi za mbali wajifunze. Mhadhara wa tatu ulikuwa wa mama mmoja mjane, mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilimfahamu vizuri, maana mdogo wangu ndiye fundi wake.

Alikaa wima, kitenge kipya, akaulizwa biashara inaendaje.

"Tunahangaika tu, mwanangu. Mashine yenyewe moja, tena mbovu. Tunamshukuru Mungu kwa uzima."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Wenye mradi wakaniandikia: mtu wa mbali atajifunza nini kwa aliyeshindwa? Labda tumwondoe.

Niliudhika, nikazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Huku kwetu nani husema amefanikiwa? Mwenye zizi lililojaa atakwambia ana vindama viwili, navyo vinakohoa. Basi nikajifanya mwerevu, nikaandika ninachokijua: ana karasha nne, kila moja mahali pake, na tatu alizinunua mwenyewe baada ya mume kufariki. Wakafurahi, wakaurusha.

Wiki haikuisha. Mtoto wa shemeji yake, anayesoma chuo, aliuona, akawaeleza wazee wake kule Samuye. Mashemeji wakatuma ujumbe kwamba Jumamosi wanakuja kuzungumzia mali ya ndugu yao.

Mama akaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliyoandika ni uongo?"

"Hapana, mama. Ni kweli tupu."

"Ndiyo ubaya wake. Walipochukua ng'ombe wote wa marehemu nilinyamaza, wakaniachia karasha mbovu kwa kunihurumia. Miaka yote hii nimelia shida ili wasigeuke nyuma. Zile tatu ni jasho langu, lakini kwenye kikao cha ukoo jasho la mjane nani analiona?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliomba mhadhara uondolewe, ukaondolewa, lakini maneno yalikuwa yameshafika Samuye. Siku zilizobaki sikula vizuri. Nilikuwa nikitoka nyumbani bila safari, najikuta sokoni, narudi mikono mitupu.

Jumamosi walikuja watatu kwa mama, nami nilikuwa nimeitwa. Tukaamkiana kwa Kisukuma, mwangaluka, chai ikawekwa. Mkubwa wao akanionyesha simu. Kijana wao alikuwa ameuhifadhi mhadhara kabla haujaondolewa.

"Kijana, haya maandishi ni maneno ya shemeji yetu?"

Mimi ni mtu wa kugombana siku nzima kwa neno moja lililokosewa. Sijawahi kukubali kwamba nimetafsiri vibaya, hata nilipotafsiri vibaya.

"Si yake, baba. Niliyatunga mimi. Wale hawataki kusikia shida, nikawapa wanachokitaka. Msikilizeni yeye mwenyewe, Kiswahili mnakijua."

Akabonyeza. Sauti ya mama ikajaa sebuleni: tunahangaika tu, mashine yenyewe moja, tena mbovu. Wakairudia mara mbili. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Shule yote hiyo," mzee akaniambia, "halafu u mwongo."

"Ndiyo, baba."

Wakamaliza chai, wakampa mama pole ya maisha, wakaondoka. Najua habari ilisambaa, kwa sababu tangu hapo watu wawili wamenipokonya kazi zao.

Mama alisikiliza pikipiki zao mpaka zikapotea. Akanimiminia chai iliyobaki, akanisogezea sukari.

"Leo," akasema, "ndiyo umenitafsiri."