Nilicheka wakati natolewa kwenye nyumba: mimi Myao na mtani wangu Mngoni, Songea

Wakuu, habari za wakati huu. Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji zaidi. Nina miaka mingi humu na nadhani nimeandika mara nne tu, mbili nikiuliza dawa ya kuku. Leo naandika kwa sababu hili limenikaa kifuani muda mrefu na nimechoka kulibeba.

Ni kweli tupu. Nimebadili majina tu, maana watoto wa wahusika wapo na hawana kosa.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mwanzoni mwa tisini. Mimi ni Myao wa Tunduru, fundi cherehani. Nilikuja Songea na cherehani yangu juu ya lori la korosho, nikapata nafasi kwenye baraza la duka pale Majengo, nikajiona nimetoka kimaisha.

Haikuchukua muda, marobota ya mitumba yakaanza kufunguliwa hatua ishirini kutoka nilipokaa. Suruali inauzwa bei ambayo mimi sinunulii hata kitambaa. Kazi yangu ikabaki kupunguza viuno vya suruali za wazungu wanene, na sare za shule mwezi wa kwanza.

Basi. Hayo ni ya pembeni, nataka tu mjue hali ilivyokuwa.

Mimi na mke wangu Zuhura tulipanga chumba kimoja kwa Mzee Komba, hapohapo Majengo. Nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja. Mzee Komba alikuwa mfanyakazi wa ushirika, akapunguzwa kazi ushirika ulipoyumba. Ile nyumba ndiyo ilikuwa pensheni yake.

Ni Mngoni. Na hapa vijana nisikilizeni, maana bila hili stori haieleweki.

Wangoni na Wayao ni watani. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakabaki kutaniana. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu na wewe hutakiwi kununa. Anaweza hata kuchukua kuku wako uani akaenda kumchinja, ukinuna unaonekana mtu wa ajabu, hujafundwa. Na msiba ukikupata, mtani ndiye anakuja kukuchekesha ukiwa huna hamu hata ya uji.

Kwa hiyo mimi na mzee tulikuwa tunataniana kila asubuhi.

"Wewe Myao, leo umenawa uso au umepitisha tu udi?"

"Mzee, shikamoo. Nyie babu zenu walikimbia vita huko kusini, wakakimbia mpaka miguu ikaisha, ndiyo mkaita hapa kwenu. Utaniambia nini?"

Ua mzima wanacheka. Nilimpenda yule mzee, sitaki kusema uongo.

Sasa Zuhura akapata ujauzito. Ulikuwa wa tatu. Miwili ya kwanza ilitoka, wa pili ukatoka akiwa miezi sita na tukazika. Safari hii muuguzi pale hospitali akamwambia waziwazi: "Mama, lala. Usibebe ndoo, usifue, na usipande gari kwenda popote mpaka ujifungue."

Mnaijua barabara ya Tunduru ya wakati ule? Masika lori linaondoka Songea, likifika Namtumbo mnashukuru Mungu, baada ya hapo mnalala njiani siku mbili, tatu, mnasukuma kwenye tope. Kumrudisha Zuhura kwetu ilikuwa sawa na kuamua kumpoteza mtoto. Kile chumba ndicho kilikuwa kila kitu.

Mwaka ulipoanza, utani wa mzee ukabadilika kidogo. Kidogo sana, ndiyo maana sikushtuka.

"Myao, udi wako unawaharibia sala watu wa jumuiya." Wenzake wa kanisani walikuwa wanasali uani zamu ikimfikia mzee.

Nikacheka.

"Myao, nyumba hii nataka ibaki ya Wangoni, na ya watu wa kanisani kwetu. Yule Mmakonde wa chumba cha nyuma ameshaondoka, umebaki wewe tu."

Nikacheka. Nikamwambia yeye ndiye aanze kurudi kwao kusini, atuachie na nyumba.

"Mwezi wa pili ukiisha sitaki kuona Myao humu. Nakwambia mbele ya hawa." Akawaonyesha kidole wapangaji wawili waliokuwa wanaosha vyombo.

Wakuu, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Na wale wawili walicheka. Ile ilikuwa notisi, na mimi nikaipigia makofi.

Mwezi ukaisha. Siku hiyo nimerudi mchana kuchukua mkasi wangu mkubwa, nikakuta vyombo vyetu vipo uani. Godoro limeegemezwa mgombani. Mlango wa chumba haupo. Si kwamba umefungwa, umeng'olewa na bawaba zake, umebaki uwazi tu. Zuhura amekaa kwenye mkeka chini ya upenu, ameshika tumbo kwa mikono miwili, hanitazami.

"Alinikataza nisiguse kitu," akasema. "Lakini Kurani nilibeba mwenyewe."

Mzee Komba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni kwake.

"Mtani, si nilikuambia?"

"Mzee, nilijua unatania."

Akatazama pembeni. "Mwanzoni nilikuwa natania," akasema.

 

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akacheka. Akasema, "Hayo ya watani malizaneni wenyewe, nikiingilia nitaonekana sijui mila." Sikumlaumu sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimecheka mwezi mzima.

Nikaanza kutafuta chumba mchana huohuo. Nyumba ya kwanza mama akaniuliza jina, nikasema Saidi, akasema chumba kimechukuliwa asubuhi. Nyumba ya pili wakauliza kwetu wapi. Nyumba ya tatu wakauliza kama mke wangu anajifukiza udi.

Nilikuwa na mwenzangu kwenye lile baraza, fundi Deo, Mngoni mtu wa Maposeni. Akakataa kuamini. Akasema mimi nina gundu tu. Akaenda mwenyewe kwa yule mama wa kwanza, hata nusu saa haijapita. Akaonyeshwa chumba, akaambiwa ahamie hata leo.

Deo alirudi akakaa kwenye cherehani yake bila kushona. Baadaye akasema, "Saidi, samahani." Yeye hakuwa amenikosea chochote, lakini mimi lile neno nilikuwa nalihitaji.

Mtu aliyetusaidia alikuwa mteja. Dada Fotunata, karani wa mahakamani, alifuata gauni lake jioni hiyo akakuta halijaguswa. Nikajitetea, nikamweleza yote. Hakunipa pole hata moja, alianza kuuliza maswali.

"Amekupa amri yoyote ya baraza?"

"Baraza gani dada?"

"Baraza la nyumba. Mwenye nyumba hamtoi mpangaji kwa mdomo wake. Anakwenda barazani, anasema sababu yake, wanaikubali au wanaikataa. Na Uyao si sababu. Uislamu si sababu."

Nilikuwa nimepanga nyumba miaka na miaka na sikuwahi kusikia kitu hicho. Nilidhani nyumba ni yake, basi na sisi ni wake.

Akaniambia rudisha vyombo vyote ndani. Usihame hata usiku mmoja, maana ukihama utakuwa umekubali. Kodi akikataa kuipokea, mtafute shahidi aone amekataa. Kisha akaniandikia malalamiko pale pale juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, nikaweka sahihi.

Tulirudi ndani. Nikatundika turubai mlangoni na kanga mbili kwa ndani. Mvua ya Songea mnaijua, ilikuwa inaingia ubavuni. Siku kumi na moja Zuhura alilala kwenye chumba kisicho na mlango, kila anayekwenda chooni anapita karibu na kitanda chake. Hakulalamika. Alikuwa amegeukia ukutani muda wote, na ule mgongo wake ndio ulinichosha kuliko kitu chochote.

Siku ya baraza nikafika. Mwenyekiti mmoja na wajumbe wawili, mmoja wao bibi wa Kingoni mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Mzee Komba alikuja na suti. Akaongea vizuri kweli.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyu ni mtani wangu. Yote niliyosema yalikuwa utani. Hata mlango niliuchukua kiutani. Mtani si huchukua kitu? Muulizeni kama alinuna."

Mwenyekiti akaniuliza, "Alipokuambia hataki Myao, ulifanya nini?"

"Nilicheka, mheshimiwa."

Wakaitwa wale wapangaji wawili. Kila mmoja akasema kweli, kwamba Saidi alicheka sana, akarudishia na utani. Hawakusema uongo hata kidogo. Nikaona kesi inaondoka mbele ya macho yangu, na ninayeiondoa ni mimi. Nikawaza lori la Tunduru, nikawaza nitampakia vipi Zuhura.

Yule bibi hakuwa amesema neno mpaka hapo. Akavua miwani.

"Komba, unasema mlango umeuchukua kiutani."

"Ndiyo mama."

"Vizuri. Utani ni wa pande mbili, si wa upande mmoja. Saidi, wewe ni mtani wake. Tukitoka hapa nenda kwake, ng'oa mlango wa chumba anacholala yeye na mkewe. Toa na godoro uliweke mvuani. Mkewe akae chini ya upenu." Akamgeukia mzee. "Komba, hapo na wewe utacheka. Hebu cheka kidogo tuone."



Mzee Komba alifungua mdomo. Nilimtazama, na haki ya Mungu nilitamani acheke, kwa sababu angecheka ingekuwa kweli tulikuwa watani. Hakucheka. Aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake.

"Basi," bibi akasema, "usituchafulie mila."

Baraza likaamua mlango urudishwe siku hiyo hiyo, na asinitoe bila amri. Mambo ya kabila na dini, mwenyekiti akamwambia ayaache nje ya mkataba wa nyumba.

Mlango ulirudi jioni. Ulipigiliwa vibaya, ulikuwa unakwaruza chini, lakini ulifunga. Zuhura alinyanyuka akaufunga kwa mkono wake, akaufungua, akaufunga tena. Ndipo akalia.

Alijifungua mapema wiki tatu. Mtoto wa kike, mdogo kama ngumi mbili, lakini mzima. Alhamdulillahi.

Msidhani tulisherehekea ushindi. Tulikaa pale mwaka mmoja tukipishana na mzee kama watu wa foleni ya benki. Shikamoo, marahaba, basi. Hakuna utani. Mtoto alipozaliwa mtani alitakiwa aje amtukane sura yake, ndiyo desturi. Hakuja. Mkewe alileta uji wa ulezi, akauweka mlangoni akaondoka. Baadaye tukahama wenyewe, kwa hiari yetu.

Mzee alishafariki. Nilikwenda mazikoni. Watani wengine walikuwa wanarukaruka kaburini na vichekesho vyao, mimi nikasimama nyuma nikashindwa.

Kwa hiyo nimejifunza nini? Kwamba mtu anaweza kukunyima haki yako huku anatabasamu, na wewe ukamsaidia kwa kucheka. Siku hizi nikisikia neno linalonihusu mimi na pa kulala, nauliza papo hapo: mzee, hilo ni la kweli au la utani? Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Na kingine, msininukuu sheria ile, imeshabadilishwa mara kadhaa. Ukiwekwa nje leo, nenda ofisi ya mtaa, uliza wasaidizi wa kisheria, uliza baraza linalohusika na nyumba hapo ulipo. Kabla hujahama. Ukishahama unakuwa unasimulia tu, kama mimi hapa.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike leo.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima, ana kazi yake Dodoma, anatafuta chumba. Jumapili kanipigia simu. Kasema amepata sehemu nzuri, mama mwenye nyumba akamuuliza, "Wewe kabila gani binti?" Naye kamjibu kwa utani kwamba kabila lake ni mpangaji. Yule mama kacheka sana, kisha kamwambia chumba kimeshachukuliwa.

Binti yangu alikuwa ananisimulia huku anacheka. Anacheka kabisa, anasubiri na mimi nicheke.

Nilishika simu, nikasema, "Mwanangu, usicheke. Rudi kesho ukamuulize, na uende na mtu."

Akaacha kucheka. Kisha akaniuliza, "Baba, kwani wewe ungefanya nini?"

Sikuwa nimewahi kumwambia kuhusu ule mlango. Nilimwambia Jumapili hiyo, na saa nzima ikapita.

Wakuu, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuulizwa kabila kabla ya kuulizwa jina aseme ilikuwaje. Na mwenye nyumba aliyewahi kuuliza naye aseme, hatutamrushia mawe. Nitasoma zote, hata nikichelewa kujibu. Macho yenyewe siku hizi ni ya kuvaa miwani.