Kamusi Juu ya Uchaga

Leo nimenunua mbegu ya mpunga sokoni Minjila, na nilipofungua mfuko, harufu ya moshi ikanirudisha jikoni kwa mama.

Shule yetu ilikuwa na kamusi moja tu ya Kiingereza. Mwalimu alinikabidhi niende nayo nyumbani, ninakili maana zote za neno "run". Mimi nilidhani ni kukimbia tu, basi. Kumbe maana zilijaa kurasa mbili: mto umo, pua yenye mafua imo, injini imo, hata mwenye duka yumo. Nilinogewa nikaenda nayo hadi shambani.

Mimi na mama tulipokuwa tukivuka mto kurudi, iliniponyoka ikaangukia maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi. Nilipoitoa ilikuwa nzito kama mkate uliolowa. Nililia njia nzima, maana fimbo ya mwalimu niliijua.

"Nyamaza, mwanangu," mama alisema. "Moshi uliookoa mbegu yetu wakati wa mafuriko utaokoa na hiki kitabu."

Akaipandisha kwenye uchaga juu ya mafiga, pale alipokaushia mbegu, na kwa siku tatu akawa anafunua ukurasa mmoja mmoja ili kurasa zisigandane.

Jumatatu mwalimu aliifungua, akainusa, akacheka. "Hii sasa hata mchwa hawaitaki. Haya, soma."

Nikasoma maana zote.

Mama hakujua hata herufi moja. Lakini kijiji kizima, ni yeye peke yake aliyeipitia kamusi ile mwanzo hadi mwisho.