Baiskeli Niliyoifuta Nyuma ya Sungura

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona kijana anasugua kioo cha simu kwa kidole ili amwondoe mtu kwenye picha. Huanza kuikumbuka nikiwa nimekaa, kisha najikuta nimesimama. Mke wangu, Mama Zuhura, huniambia, "Baba Zuhura, umeshaanza tena kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia." Basi, mwanangu, nivumilie. Nitakusimulia huku natembea, maana habari hii sijawahi kuimaliza nikiwa kwenye kiti.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Nilikuwa na studio ya picha mjini Tabora, ndogo kiasi kwamba mteja mnene akiingia mimi natoka. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mwanafunzi mwenye ndevu nyingi kuliko mwalimu wake, na kile cheti kilinipanda kichwani. Kuanzia mtaa wa Ipuli mpaka mwisho wa dunia hapakuwa na jambo nisilolijua. Lakini kazi yenyewe ilikuwa pasipoti na harusi, pasipoti na harusi, mpaka nikawa naota vichwa vya watu vinaelea mbele ya pazia la bluu. Sikutulia. Nilitaka kupiga picha moja tu ambayo mtu akiiona atasahau alikokuwa anakwenda.

Ndipo mzee mmoja aliyejenga nyumba mpya ya wageni akaniambia anataka picha kubwa ya ukutani, ya mnyama wa huku kwetu. Nikamwambia tembo na simba wako kwenye kila kalenda, mimi nitamletea sungura wa porini.

"Sungura?" akasema. "Si wageni watadhani ndiyo mboga ya leo?"

Nikamwambia subiri uone.

Mwanangu, usimwone sungura ni mdogo. Kwa muda wa miezi miwili yule mnyama alinifanya mjinga. Nilikwenda na pikipiki ya kuazima mpaka mbele ya Igalula, nikatambaa kwenye nyasi mpaka magoti yakaota sugu kama ya ngamia, nikarudi na picha elfu kumi za majani na labda mkia mmoja. Sungura wa porini mchana hulala kwenye kishimo cha nyasi alichokilalia mwenyewe, masikio kayalaza mgongoni, na utampita hatua mbili usimwone. Ukimwona, ujue yeye amekuona tangu ulipoondoka nyumbani.

Aliyeniokoa ni Mzee Maganga, mfuga nyuki wa kijiji kimoja huko huko. Alikuwa na mizinga yake ya magome ndani ya msitu wa hifadhi, kwa kibali, na kila siku aliiendea kwa miguu. Baiskeli hakuwahi kuwa nayo, alisema inamtingisha maini. Siku ya kwanza kuniona natambaa alisimama akanitazama mpaka nikaona haya.

"Kijana, umeangusha nini?"

"Natafuta sungura, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona unakwenda kama chui? Chui ndiye sungura anayemkimbia. Mpitie kama mtu mwenye shughuli zake. Tembea upande, usimtazame, ongea habari za mbegu."

Basi asubuhi moja tukatembea upande, tukiongea habari za mbegu, mpaka kwenye kile kipande ambacho wazee wa pale wanasema ndiyo njia ya zamani ya wapagazi, waliopita na mizigo kuelekea pwani. Nyasi zake hadi leo ni fupi, na sungura wanapenda kukaa pale kuota jua likichomoza. Alikuwepo. Kakaa wima, masikio yanawaka mwanga kama taa ya kandili, unaona mpaka mishipa. Nikapiga. Naapa sikupumua robo saa.

Nyuma yake, kwenye mti, palikuwa na baiskeli imeegemezwa. Tandiko lake lilikuwa na kitambaa cha kufuma, chekundu na kijani, na kwenye usukani limening'inia fungu la nyaya zilizokunjwa vitanzi. Mwenyewe hakuonekana. Mzee Maganga aliguna. Akaniuliza, "Imeingia na baiskeli hiyo?" Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akatikisa kichwa, akasema, "Imeingia yote." Mimi akili yangu ilikuwa kwenye masikio ya sungura. Sikumuuliza kwa nini ameuliza.

Nikarudi mjini. Siku tatu sikutoka mbele ya kompyuta. Chai ilipoa, wateja wa pasipoti walikwenda kwa jirani. Niliongeza mwangaza, nikalifanya jicho ling'ae, nikazitia nyasi dhahabu ambayo Mungu mwenyewe hakuzitia. Halafu nikaitazama ile baiskeli. Iliniudhi. Mimi nauza pori, baiskeli inatafuta nini? Nikachukua nyasi za pembeni, nikazipandikiza juu ya gurudumu, unyasi mmoja mmoja, juu ya tandiko, juu ya nyaya. Chini kwenye kona kulikuwa na kivuli cha Mzee Maganga na kofia yake. Nacho nikakitoa. Kazi safi, hata fundi wa viraka asingeona mshono. Nikaihifadhi juu ya ile ile ya mwanzo, na kadi ya kamera nikaifuta yote, kwa sababu Jumamosi nilikuwa na harusi na kadi nilikuwa nayo moja.

Picha ikatundikwa. Watu walikuja kuitazama utadhani maulidi. Mimi nikatembea Tabora nzima kifua mbele.

Mvua zikapita, msimu wa asali ukakaribia. Jumanne moja Mzee Maganga akaingia studio, ananukia moshi wa kufukizia nyuki. Hakuwahi kuja kabla. Alikuwa mchangamfu kabisa. Akanieleza kwamba askari wa msitu wamekuta mitego ya waya karibu na mizinga yake, na digidigi amekufa kwenye mmoja. Kijiji kizima kinajua anayeingia kule kila siku ni yeye. Wamemzuia asikanyage msituni, na Alhamisi Mtendaji wa kijiji ameitisha mkutano. Ikiamuliwa ni yeye, kibali kinakwenda, na mizinga yote sitini.

"Lakini nimewaambia wasubiri," akasema, anatabasamu. "Nimewaambia kuna kijana wa mjini ana picha, na baiskeli ya mtu imo."

 Mwanangu, nikafungua kompyuta kama mtu anayefungua jeneza. Akasogea, akaweka kidole chake kwenye kioo, palipokuwa na mti.

"Ilikuwa hapa."

"Ndiyo, mzee."

"Imekwenda wapi?"

"Niliitoa. Ilikuwa inaharibu picha."

 Kisha akauliza, taratibu, bila ukali, "Na mimi kama ningeingia, ungenitoa?"

 Ningemwambiaje kwamba nilishamtoa? Akatazama ile picha muda mrefu. "Sungura ametoka vizuri," akasema, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Siku mbili zile sikukaa, sikula. Nilikimbilia kwa kila anayejua kompyuta mjini, na kila mmoja aliniambia kilichoandikwa juu yake hakirudi. Nilitoka studio nikaenda stesheni bila sababu, nikarudi, nikatoka tena. Ndipo shetani akanikumbusha kwamba mimi ni fundi. Kama niliweza kuitoa baiskeli, nashindwa kuirudisha? Nikaenda mpaka Ipuli, nikapiga picha baiskeli ya muuza maziwa, nikaanza kuikata na kuipandikiza nyuma ya sungura. Nikaipaka tandiko jekundu na kijani. Ilikuwa inakaa vizuri, nisikudanganye. Ilikuwa inakaa vizuri mno.

Mama Zuhura akaniletea uji, akasimama nyuma yangu. "Hiyo si baiskeli ya muuza maziwa wetu?"

"Ilikuwepo nyingine. Naweka ya mfano tu."

"Na wakimkamata muuza maziwa, watamfunga wa mfano?"

Aliniwekea uji, akatoka. Nilibaki pale mkono uko juu ya kitufe. Nilijiambia Mzee Maganga ni mtu wa haki, na haki inahitaji baiskeli. Nilijiambia ni uongo mdogo wa kurekebisha kosa dogo. Kisha nikaona kwamba nikishaiweka, itabidi niape mbele ya watu kuwa ndivyo ilivyokuwa, na tangu siku hiyo sitaweza kusema neno lolote la kweli juu ya picha yangu yoyote. Nikaifuta. 

Alhamisi nikaenda na mikono mitupu. Nje ya ofisi ya kijiji baiskeli zilikuwa zimepangwa, na moja tandiko lake lilikuwa limevuliwa kitambaa, pamebaki alama ya kamba tu. Mwenyewe, nilivyokuja kujua baadaye, alikaa mstari wa mbele, miguu kaikunja, mstaarabu kama bwana harusi. Nikasimama, nikasema yote: nilichokiona, nilichokipiga, nilichokifuta na sababu yake. Mtendaji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Picha," akasema, "ile picha yako mimi nimeiona pale nyumba ya wageni. Haina baiskeli."

"Niliifuta, mheshimiwa."

"Kwa hiyo unafuta vilivyopo?"

"Ndiyo."

"Na visivyokuwepo unaweka?"

Watu wakacheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mwambie amwondoe mke wangu!" Wakacheka zaidi.  Na mimi usiku wa kuamkia siku ile ile nilikuwa naweka.

Wakaamua Mzee Maganga abaki nje ya msitu mpaka uchunguzi uishe. Hawakumnyang'anya kibali, lakini uchunguzi ulimaliza msimu wote wa asali. Mizinga mingine ilivunjwa na nyegere, mingine nyuki walihama. Yule bwana wa mstari wa mbele alikuja kukamatwa mwenyewe, miezi mingi baadaye, na mnyama begani. Ndipo Mzee Maganga akarudishiwa njia yake. Asali ya mwaka ule hakuna aliyemrudishia.

Nilikwenda kwake. Nikasema shikamoo. Alikuwa anashona mzinga wa gome, akashona, akashona, mpaka nikadhani hakusikia. Ndipo akasema, "Marahaba. Keti." Nikaketi, na nadhani ndiyo mara ya mwisho nilipoketi sawasawa. Akaniambia, "Kijana wangu, mimi sikukasirika kwa sababu ulifuta. Nilikasirika kwa sababu ulikuja na ukweli siku ya Alhamisi. Nilikuwa studio kwako Jumanne. Ungeniambia hapo hapo tupande gari pamoja, twende kwa Mtendaji kabla watu hawajajaa, angetusikiliza. Ulizunguka siku mbili unatafuta namna ya kutoonekana umekosea."

Lile neno halijanitoka. Nilimwomba mwenye nyumba ya wageni aishushe ile picha, akakataa, akasema wageni wanaipenda. Wana haki ya kuipenda.

Sasa wewe, mwanangu, una kamera mfukoni yenye akili kuliko studio yangu yote. Sikukatazi kurembesha. Ongeza mwanga, mfanye sungura ang'ae kama mwezi wa kumi na nne, kata pembeni palipozidi. Mimi mwenyewe hadi leo natia chumvi, na unanijua. Ila ile ya mwanzo usiiguse. Iweke mahali pake, hata ikiwa mbaya, hata ikiwa na ndoo na chandarua cha jirani. Na kabla kidole hakijamsugua mtu au kitu cha mtu, jiulize ni cha nani, na nani atakuja kukitafuta. Aliyekuwa na wewe akikuuliza "imeingia na hiyo?" simama, umuulize kwa nini. Ni swali dogo. Mimi lilinishinda.

Na ukishafuta, maana utafuta tu, wewe ni kijana, usipandikize kingine juu yake. Nenda kwa mwenye shida siku hiyo hiyo, kabla uso haujapata muda wa kutafuta maneno. Watakucheka. Waache wacheke. Kicheko cha Jumanne ni chepesi kuliko cha Alhamisi.

Mungu akupe jicho la kuona kizuri na moyo wa kuvumilia kibaya kilicho jirani yake. Akujalie ukosee mapema na useme mapema. Akulinde usije ukamsimamisha mtu mzima nje ya kazi yake kwa ajili ya urembo wa mikono yako. Na kila mlango utakaopiga hodi, mwenyewe asikie sauti yako, afurahi, akufungulie. Amina, mwanangu. Nenda salama.