Maua Yaliposhushwa Juu ya Maikrowevu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mama mkwe wangu aliyashusha maua ya plastiki yaliyokuwa juu ya maikrowevu, akayaweka sakafuni, akaniuliza, "Hili hupika, au hutazamwa tu?"

Saa hiyo naikumbuka vizuri kwa sababu macho yangu hayakuwa yakibanduka kwenye saa ya ukutani. Nilikuwa nimeagiza teksi ije saa nane mchana kumchukua mke wangu na binti yetu aliyekuwa na siku saba, iwapeleke Likoni, ng'ambo ya feri. Nauli, shilingi mia sita, ilikuwa tayari ndani ya mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati.

Tulikuwa tukikaa Kiembeni, ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko lisilotosha watu wawili kupishana. Ilikuwa miaka ya tisini, na huyo alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Mama mkwe alikuja siku ya kuzaliwa kwake ili amkande mwanawe. Kwetu mzazi hukandwa siku arubaini. Kitambaa chenye moto, mara nyingi kimefungwa chumvi ndani, hukandamizwa tumboni, kiunoni na mgongoni, kisha tumbo hufungwa kwa mkaja, kitambaa kirefu kinachozungushwa mpaka mwili ukae sawa. Kazi hiyo hutaka moto wa karibu, asubuhi na jioni. Mwenye nyumba alikuwa amekataza makaa ghorofani. Tulibaki na stovu ya mafuta ya taa, na stovu ile ilitia harufu kila kitambaa kilichosogezwa karibu yake. Mke wangu ana pumu tangu utotoni. Alikuwa akikandwa huku anakohoa, na kila akikohoa alishika tumbo kwa mikono miwili.

Ndipo mama alipoamua. Siku ya saba, mtoto akishanyolewa, angemchukua mwanawe nyumbani kwake Likoni, ambako jiko liko uani na moshi huenda zake. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Lakini kazi yangu ilikuwa ghalani Changamwe, na kutoka huko hadi Likoni, kisha kurudi kulala Kiembeni, ningeweza kufika Jumapili tu. Mke wangu naye hakutaka kwenda. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniambia neno moja tu: "Siku arubaini, mtoto atakuwa ashageuka sura na wewe hukuiona ya kwanza."

Maikrowevu yenyewe aliileta shemeji yangu aliporudi kutoka Uarabuni. Kwa mwaka mzima ilikaa sebuleni, juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na juu ya kitambaa maua. Wageni waliisifu. Sisi tuliipangusa vumbi. Niliwahi kupasha maji ya chai mara mbili, nikaona inatosha.

"Hupasha moto, mama," nilimjibu. "Nimeshapasha chai humo."

"Na moshi wake hutokea wapi?"

"Haina moshi."

"Moto usiotoa moshi mimi siuamini," alisema. "Lakini leo tuna mpaka saa nane. Lete chumvi."

Alifungua mkoba wake akatoa mtandio wa rangi ya zambarau, mwepesi, uliofumwa kwa nyuzi za zari. Ndio aliokuwa amejitanda siku ya harusi yake. Kwao, mzazi hukandwa siku ya saba na siku ya mwisho kwa nguo ya harusi ya mama yake, ili baraka ile ipite kutoka tumbo hadi tumbo. Alifunga chumvi kwenye ncha ya mtandio, fundo nene kama ngumi, akaliweka ndani mwenyewe na kuufunga mlango.

Nilibonyeza kitufe. Sahani ilianza kuzunguka. Kabla haijamaliza mzunguko wa pili, ndani kulimetameta cheche za buluu, kukatatarika kama kuni mbichi, na harufu ya kuungua ikatoka. Nilichomoa waya ukutani. Mama mkwe alikuwa keshafika mlangoni na mtoto kifuani.

"Nimekwambia sina imani nalo," alisema kutoka huko. "Hili si jiko, ni radi imewekwa ndani ya sanduku. Mwanangu!"

"Abee, mama," mke wangu aliitika chumbani.

"Funga nguo zako. Teksi ikija, tuko chini."

Mtandio ulikuwa umetoboka matundu matatu kando ya fundo. Niligusa chumvi. Ilikuwa baridi, kama ilivyotoka koponi.

Hapo ndipo nilipokaa kitako na kile kitabu cha maelezo, ambacho tangu siku ya kwanza kilikuwa ndani ya mfuko wake wa nailoni. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, kwa hivyo nilisoma polepole, kila sentensi mara mbili. Chuma kilikatazwa, na zari ni uzi wa madini. Hilo lilieleza cheche. Lakini kuhusu chumvi hakukuwa na neno.

Mama mkwe alikuwa amerudi na kusimama nyuma yangu, mbali kidogo na mashine.

"Ile chai uliyosema ulipasha, ilipata moto?"

"Ilichemka."

"Na kikombe?"

Nilifikiri. "Mkono wake haukuunguza."

Aliniangalia kama mtu anayemngoja mtoto amalize kuhesabu. "Basi hili hupenda maji, baba. Chumvi kavu haina maji. Umesoma kitabu kizima, hilo halikuandikwa?"

Lilikuwa limeandikwa, kurasa mbili mbele, nami nilikuwa bado sijafika.

Alichukua leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya mtoto, akailowesha, akaikamua, akaikunja. Safari hii nilibonyeza kwa muda mfupi. Leso ilitoka ikifuka mvuke, bila harufu yoyote isipokuwa ya sabuni. Mke wangu alikuwa amefika mlangoni na kifurushi cha nguo mkononi, lakini mama mkwe hakumpa. Aliipepea kidogo, akakaa kwenye kochi, akapandisha gauni hadi gotini, akaibandika leso juu ya goti lake la kulia. Goti lile lilikuwa likimsumbua kwa miaka, na ngazi zetu hazikulisaidia.

Tulingoja aseme kitu. Alifumba macho.

"Mama?" mke wangu aliuliza. "Ni moto sana?"

"Niache."

Leso ilipopoa aliivua, akaninyoshea. "Weka tena."

"Kwa ajili yake?" Nilimwonyesha mke wangu.

"Kwa goti la pili. Mzazi atafuata. Mkubwa huonja kwanza."

Mke wangu alianza kucheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka mpaka mwisho bila kukohoa.

Alikandwa saa tano, akalala hadi adhuhuri. Teksi ilipopiga honi saa nane, mama mkwe alichungulia dirishani. "Kamwambie arudi siku ya arubaini," alisema. "Na aje na kamba, maana kutakuwa na jiko la kubeba."

Hakulibeba, kwa sababu mwanawe alilikatalia. Lakini alikaa nasi siku zote zilizobaki, na baada ya hapo alivuka feri kila Ijumaa, akipanda zile ngazi mbili kulalamikia goti ambalo lilikuwa limekuja kukandwa. Nasi tukazoea kuitumia mashine. Kiporo cha wali kilipata moto bila kuungua chini, halua iliyoganda ikalainika, na mahamri tukajua kuyaacha, kwani yaligeuka raba. Maua hayakurudi juu yake. Siku ya arubaini mke wangu alikandwa kwa mtandio wa zari, matundu yake yakiwa yamedariziwa, baada ya leso kupashwa moto kwenye mashine na kuzungushiwa mtandio kwa mkono.

Binti yangu nilimwona sura zote, ya kwanza na zilizofuata. Dereva wa teksi nilimpa shilingi hamsini kwa usumbufu. Ndani ya mkebe zilibaki mia tano na hamsini.