Kibali cha Ndege ya Mjomba

Kazi yangu ni makaratasi ya ndege za watu binafsi. Mtu ana ndege yake ndogo huko nje, anataka kuja kutazama tembo upande wa Kisaki, basi mimi hapa Morogoro ndiye ninayemwombea kibali: namba ya ndege, leseni ya rubani, bima, majina ya abiria kama yalivyo kwenye pasipoti, njia atakayopita, sababu ya safari. Kisha namweleza, na wengi hawasikii, kwamba hawezi kutua Kisaki moja kwa moja. Lazima kwanza ashukie kiwanja cha kimataifa, Dar kwa mfano, pasipoti igongwe muhuri na mizigo ikaguliwe, ndipo aendelee. Sina subira kabisa na watu wasiosoma fomu.

Mama alifariki Alhamisi asubuhi, kijijini kwetu juu ya Kinole. Habari ilinikuta nyumbani Kilakala nimeshika kikombe cha chai, na tangu dakika ile sikukaa chini tena. Wazee walikubaliana azikwe kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, badala ya siku ileile, kwa sababu moja tu: kaka yake. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na dada hazikwi kaka hajafika kama ipo namna yoyote ya kufika. Mjomba alikuwa Malawi, fundi wa matrekta kwenye shamba la tumbaku. Kwa basi asingewahi. Lakini bosi wake alikuwa na ndege ya injini moja, anairusha mwenyewe, na alishasema siku nyingi kwamba fundi wake akipatwa na jambo atamleta.

Mama mdogo, anayemfuata marehemu, ndiye aliyenipa maagizo. "Mpigie mjomba wako. Ole wako umwambie! Sema dada yake amezidiwa. Akifika tutamkalisha, tutamwambia taratibu." Ndivyo tunavyofanya. Msiba haumwagwi kwenye simu kwa mtu aliye mbali na watu wake, anaweza kuanguka. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba. Mama amezidiwa. Njoo."

"Marahaba. Nakuja," akasema, akakata simu. Bosi wake akanitumia karatasi zote za ndege ndani ya saa moja.

Nikakimbilia ofisini. Nilijaza fomu nimesimama, mpaka nilipofika kwenye sababu ya safari, nikakwama. Ombi la msiba hupitishwa siku hiyohiyo, mengine yanasubiri zamu. Hilo nalijua hata ukiniamsha usingizini. Lakini kibali kikitoka huchapishwa na kubebwa ndani ya ndege pamoja na fomu yenyewe, na kwenye kindege kile mjomba angekaa mbele, bega kwa bega na rubani, makaratasi yako mapajani mwake. Na mjomba wangu husoma kila kitu, hata gazeti alilofungiwa maandazi. Nikamwona yuko juu ya mawingu, hana pa kukaa wala pa kulilia, anasoma neno mazishi. Roho ikaniuma. Nikaandika: kumtazama mgonjwa. Nikatuma.

Mchana kutwa nilikuwa wa dirishani na mlangoni. Kila dakika nafungua barua pepe, hola. Nampigia dada wa ofisi ya vibali, hapokei. Binamu zangu nao wakapiga kutoka kijijini: "Dada, kwani asishukie hapa uwanja wa mpira? Mbuzi tutawaswaga."

"Hiyo ni ndege, siyo bodaboda!" nikawafokea. "Inatoka nchi nyingine! Kuna uhamiaji, kuna forodha!" Wakacheka, halafu wakakumbuka kuna msiba, wakakata simu. Saa za kazi zikaisha bila jibu.

Ijumaa saa mbili asubuhi dada wa vibali akapokea. "Ombi lako lipo kwenye zamu, mdogo wangu. Subiri wiki ijayo."

"Dada, ni msiba."

"Msiba? Mbona umeandika mgonjwa?"

"Tunamficha msafiri."

"Jamani! Mnamficha yeye au mnanificha mimi? Ungeandika msiba ningelipitisha jana hiyohiyo." Hakunisema zaidi. Akaniambia nitume ombi jipya, nikatuma papo hapo, naye akalikimbiza mwenyewe meza kwa meza. Kibali kikatoka saa tano, nami nikamwomba bosi wa mjomba akae na makaratasi mwenyewe, jambo ambalo sikuliwaza Alhamisi. Ndege ikaruka saa sita kasoro kwa saa za kwetu. Nikapiga hesabu: karibu saa nne hewani mpaka Dar, mihuri, mizigo, mafuta, kisha kipande cha kuja Morogoro. Nilipunguza dakika kila mahali, bado haikuwezekana afike kabla ya alasiri.

Mama mdogo alikuwa anapiga kila baada ya muda. "Amefika wapi?"

"Yuko angani."

"Angani wapi? Watu wamejaa, imamu anauliza!" Ijumaa ikaswaliwa, wakasogeza mpaka alasiri. Zaidi ya hapo hawakuweza, na siwalaumu. Mimi mwenyewe sikupanda mlimani. Ukishapita zile kona za juu simu inakufa, na kama Dar wangekuwa na swali, nani angewajibu? Kwa hiyo mama yangu amezikwa mimi nikiwa natazama kompyuta. Nilikuwa na hasira na kila kitu siku ile, na zaidi na mikono yangu.

Ndege ilitua kwenye kiwanja chetu kidogo jua limeshalala. Mjomba akashuka na begi dogo. Nilikuwa nimejipanga: nitamsalimia, nitampakia garini, maneno atayakuta kwa wazee.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mmeshamzika?"

Akanishika bega. "Nilijua jana uliponipigia. Nani asiyejua 'amezidiwa' ya kwetu? Nikamwambia bosi anyamaze, msije mkajisikia vibaya, maana mlikuwa mnanihurumia."

Basi nikamwambia yote, pale pale kwenye vumbi: fomu, zamu, neno nililoandika na neno nililopaswa kuandika. Nililia mpaka rubani akageukia upande wa pili. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, hakunigombeza. Akafungua begi, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, bado kipo ndani ya mfuko wa dukani. Sanda. Aliinunua Alhamisi, mara tu baada ya simu yangu. Pale Dar watu wa forodha walimuuliza ni ya nini, akawaambia ni ya dada yake, wakampa pole na kumpisha.

"Mmemvika ya nani?" akauliza.

"Sijui, mjomba," nikasema. Sikuwepo.