Dawa ya Kutulia

Binti yangu Bahati alikuwa hakai kitako darasani, mpaka daktari alipomwandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Nyumbani tukakiita dawa ya kutulia, maana kweli kilimtuliza.

Jumatatu moja ikawa zamu yangu kuongoza nyimbo za chama tawala, ambazo wafanyakazi wote tulilazimika kuziimba ofisini kabla ya kazi, mbele ya bendera. Mimi, mwoga wa macho ya watu, nikameza kimoja ili nami nitulie.

Nitulie wapi. Moyo ulidunda kuliko ngoma. Wimbo niliukimbiza hadi wenzangu wakabaki nyuma, ukaisha, nikaanza mwingine peke yangu. Mkurugenzi akapiga makofi, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama chama kilivyotaka tuitane: "Citoyenne iko na moto." Kisha akaona mikono yangu inavyotetemeka, akanipeleka zahanati mwenyewe.

Muuguzi akauliza nimekunywa nini. "Chai tu," nikasema, mkurugenzi akisikiliza.

Bahati, aliyeitwa kutoka shule ya jirani, akanitazama. "Mama, asubuhi niliona kopo wazi. Ulikunywa dawa yangu? Docteur alisema iko ya mimi peke yangu. Mimi inanituliza, lakini mutu mwingine inaweza kumuumiza, moyo inamukimbia."

Akaniwekea mkono mgongoni. "Bon, kaa. Pumua polepole, vile unanifundishaka."